Mshale Uliotulia

Mbalizi, Mbeya
Jumatatu, 11 Machi 2024

Mama Damari, mke wa mwanangu,

Ndaga. Sisi hapa wazima. Mvua zinanyesha na mahindi ya mama mkwe wako yamefika kiunoni, majirani wameanza kuyatazama kwa jicho ambalo silipendi.

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu mume wako si mtu wa kutumwa tena. Ujumbe wangu wa mwezi uliopita aliubeba hadi Chunya kwenye mashimo yake ya dhahabu, na ulipokufikia ulikuwa umegeuka. Nilisema usizime seva, wewe ukaambiwa uizime. Tangu leo tutaandikiana kwa barua pepe. Simu sitaki, unanijua. Kwa mila yetu ya Rungwe baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono. Mchungaji ameshanisema mara nyingi kwamba hayo ni ya kale. Mimi namjibu kwamba baba yangu aliyashika na mimi nitayashika. Barua haina uso wala sauti, kwa hiyo marehemu hatakuwa na neno.

Hapo hospitalini kwenu wanadhani niliwafungia kifaa cha kuendesha seva kutoka mbali kwa kuwa mimi ni mzee wa kisasa. Ukweli ni kwamba mwanangu alimwoa karani wa chumba cha rekodi, na tangu harusi ile sikuweza kukanyaga tena chumba hicho. Ningefanya nini? Nilikiacha chumba, nikaishika seva kwa waya.

Sasa kazi. Mfumo wa zamani umechoka, unafanya kazi siku mbili na kugoma ya tatu. Diski mpya umeshaichomeka, vizuri. Tutaweka mfumo mpya kwenye diski mpya, bila kuigusa ile ya zamani, maana ndiyo yenye mafaili ya wagonjwa wote wa miaka minane na nakala nyingine hatuna. CD nitaitia mimi huku Mbalizi. Seva itadanganyika kwamba imetiwa CD tumboni mwake, kumbe iko mezani kwangu kando ya kikombe cha chai.

Jumamosi saa tisa alasiri kaa mbele ya skrini ya seva. Kabla ya kuanza nitazungusha mshale duara moja. Hiyo ndiyo salamu. Nawe zungusha lako kwa mausi iliyoko hapo, nijue upo. Mila imekataza mkono, lakini juu ya mshale haikusema kitu.

Baba yako,
Anyitike


Igowole, Mufindi
Jumapili, 17 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Kamwene kutoka Igowole. Ukungu umetukalia tangu Jumatano, hata mashamba ya chai ng'ambo ya barabara hatuyaoni. Damari hajambo, anakohoa kidogo tu.

Salamu yako ya jana niliiona. Mshale ulitokea saa tisa kamili ukazunguka. Duara lenyewe lilikuwa limepinda kama yale anayochora Damari ukutani, nikacheka peke yangu. Nami nikazungusha langu.

Baada ya hapo hatukufika mbali, kama ulivyoona. CD ilisoma mpaka asilimia thelathini, kisha seva ikaandika kwamba haioni CD yoyote. Umeiunganisha mara tatu, na mara zote tatu imekatikia palepale. Halafu kuna jambo la mshale. Uliniandikia pale kwenye ubao wa kuandikiana ulio kwenye skrini kwamba wewe unaona mishale miwili, mmoja unakufuata na mwingine unachelewa nyuma. Mimi huku naona mmoja, ila unaruka. Unaelekea kwenye kitufe, unakipita, unarudi, unakipita tena.

Nimeandika yote niliyoyaona kama ulivyonifundisha, bila kukisia.

Mwanao,
Severina


Mbalizi
Jumanne, 19 Machi 2024

Mama Damari,

Ndaga. Hivyo ndivyo fundi anavyoandika. Wangekuwa wote kama wewe, ningestaafu kwa amani.

Habari ya CD ni nyepesi. Safari ya kutoka kwangu hadi kwenu ni ndefu, mtandao unapita kwenye ukungu wenu huo, na seva haina subira: ikikosa kuisoma CD kwa muda kidogo inahesabu kwamba imetolewa. Dawa yake ni kuifupisha safari. Nimetia faili zima la CD kwenye flashi, nimempa dereva wa basi, uichukue stendi ya Mafinga Ijumaa. Ichomeke kwenye kompyuta ya mezani kwako, fungua ukurasa wa seva, itie CD kutokea hapo. Kutoka meza yako hadi seva ni hatua sita, haitapotea njia.

Ya mishale miwili nayo inajulikana. Mausi yangu inatembea kwa mwendo wangu, seva inaongeza mwendo wake juu yake, basi tunapishana. Ingia kwenye mipangilio ya mausi ya seva, ondoa alama ya vema mahali pa kuongeza kasi. Mimi nitachagua hali ya mshale mmoja huku kwangu. Tukimaliza hapo mshale utatii kama mwanafunzi aliyechapwa.

Mama anasema umletee Damari Pasaka. Mimi nitahamia kwa jirani siku hizo mbili, wala usijali, nimezoea.

Anyitike


Igowole
Jumapili, 24 Machi 2024

Shikamoo Baba,

CD imekubali. Kutokea kwenye meza yangu ilisoma hadi mwisho bila kukatika, na ukurasa wa kwanza wa mfumo mpya ukafunguka. Nilitamani kupiga vigelegele ila wodi ya wazazi iko karibu.

Mshale umekuwa mmoja, lakini haujatii. Unatetemeka, Baba. Hata ukiusimamisha hausimami, unachezacheza mahali pamoja. Ulibonyeza neno la kurudi nyuma mara nne wakati ulitaka la kuendelea, mwishowe ukafunga ukasema tuonane wiki nyingine.

Nimejaribu yote ninayoyajua. Nimebadilisha mausi ya hapa, nimeihamisha tundu, nimezima seva na kuiwasha. Ninapoushika mimi unakwenda vizuri. Ukiushika wewe unatetemeka. Sijui ni kitu gani kwenye waya kinachofanya hivyo.

Sitaki kukuharakisha ila nikwambie hali. Alhamisi mfumo wa zamani uligoma tangu asubuhi. Akaja mama mmoja kutoka vijiji vya huko nyuma, faili lake linasema kuna dawa inamdhuru, na hatukuweza kulifungua. Bahati nzuri muuguzi alimkumbuka kwa sura. Katibu wa hospitali, Bwana Philbert, aliniuliza kama sasa si wakati wa kumwita Ezron, fundi wa Iringa mjini. Nilimwambia Baba anamaliza.

Severina


Mbalizi
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mama Damari,

Ndaga. Asante kwa kumleta mtoto. Kwa jirani nililala vizuri, na nilimsikia Damari akiimba kupitia ua.

Juu ya mshale: nimenunua mausi mpya hapa sokoni, nimebadilisha meza, nimeweka gazeti chini yake maana mbao yangu ina mawimbi. Mchagua jembe si mkulima, najua, lakini jembe hili nalo limezidi. Nadhani ni mtandao wa milimani, unaleta mwendo wangu vipande vipande, ndiyo maana huko unaona kutetemeka.

Mwambie Philbert asimwite mtu. Seva hiyo niliibeba mgongoni kutoka barabarani siku gari liliponasa matopeni. Nimefanya kazi ya nyaya miaka arobaini na moja, na hiyo ndiyo ya mwisho niliyobaki nayo. Wakiniondolea hiyo, kila asubuhi nitaamkia nini? Kuyaangalia mahindi?

Jumamosi tunaimaliza.

Anyitike


Igowole
Jumapili, 7 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Samahani sana kwa jana. Umeme ulikatika ghafla tulipofika kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Ulirudi baada ya saa moja, nikawasha seva, mfumo wa zamani ukaamka salama na mafaili yote yapo.

Pole kwa usumbufu. Labda tupumzike wiki mbili tatu.

Mwanao,
Severina


Mbalizi
Jumanne, 9 Aprili 2024

Severina,

Seva ina daftari lake la ndani. Huandika kila umeme unapokatika na kila waya unapochomolewa, kwa saa na dakika. Nimelisoma. Jumamosi umeme haukukatika. Saa kumi na dakika kumi na mbili waya wa mtandao ulichomolewa. Seva yenyewe imezimwa baadaye, kwa mkono wa mtu.

Chumba hicho anaingia mtu mmoja.

Jana nimempigia Philbert. Anasema Ezron ameshaombwa aje kutazama. Sasa naelewa kwa nini nipumzike wiki mbili tatu. Nilikufundisha kazi hii kwa barua, neno kwa neno, nikidhani namfundisha mwanangu. Kama ulitaka nitoke, ungeniambia nitoke. Mimi si mtu wa kuondolewa kwa hila.

A. Mwakalobo


Igowole
Alhamisi, 11 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Ni kweli nimekudanganya. Waya niliuchomoa mimi.

Ezron sikumwita. Bwana Philbert alimwita mwenyewe baada ya siku ile ya yule mama wa dawa, na nimegombana naye mpaka akasema mimi naleta undugu kazini.

Nitakwambia nilichokiona, bila kukisia, kama ulivyonifundisha. Kwenye ukurasa wa diski kulikuwa na mistari miwili, mpya juu, ya zamani chini. Mshale ulikuwa juu, ukateremka chini, ukapanda, ukateremka. Kisha mstari wa chini ukageuka rangi ya bluu. Ulikuwa umeichagua diski ya zamani. Likatokea swali kama una hakika ya kufuta vyote, na mshale ukaanza kwenda kwenye neno la ndiyo. Unatetemeka lakini unakwenda. Nilishika mausi yangu nikauvuta, ukanishinda. Nikakimbia nyuma ya seva nikachomoa waya.

Watu elfu kumi na moja wamo mle, Baba. Na jina la fundi lililoandikwa mlangoni ni lako.

Sasa nisamehe kwa hili la pili, sijui hata kama mila inaniruhusu kulisema. Sio mtandao. Mtandao ungechelewesha mshale, ungeukata, lakini ungeutetemeshaje pale tu unapoushika? Ukiuacha unatulia. Wiki iliyopita Mama aliniambia kwenye simu, akicheka, kwamba siku hizi anakupa uji nusu kikombe, tena kikombe chenye mfuniko. Nami nikakumbuka kwamba zamani ulikuwa unaniandikia maelekezo kwa mkono, kwenye karatasi za mistari, na ni mwaka na nusu sasa unapiga chapa tu.

Ningependa niwe nimekosea. Ukinikasirikia nitavumilia.

Severina


Mbalizi
Jumapili, 5 Mei 2024

Mama Damari,

Ndaga.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira, ya pili nilikuwa na aibu, ya tatu nilikwenda hospitali kwa sababu Mama alisema nisipokwenda atakuja kukuchukua wewe uje kunisukuma mgongoni. Daktari kijana alinishika mkono, akanitaka nimchoree duara kwenye karatasi. Nilitaka kucheka. Nikamwambia nina mtu Igowole ninayemchorea maduara ya namna hiyo kila Jumamosi. Alitazama karatasi akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, una dawa ya kuupunguza mwendo, kuuondoa hauna. Presha nayo iko juu.

Ulianza kidole gumba, mwaka juzi wakati wa mavuno. Nilijua. Nimekuandikia mausi, meza, gazeti, ukungu, na muda wote nilijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi karibu niumbuliwe na watu elfu kumi na moja wasiojua hata jina langu. Ningefuta kila kitu, mwanangu. Nimeota jambo hilo usiku mbili.

Tena kuna kosa lingine hujalitaja, labda kwa heshima. Fundi mwenye akili timamu angekuambia uichomoe kwanza ile diski ya zamani kabla sijaigusa seva. Lilikuwa neno moja tu. Sikulisema kwa kuwa kulisema kungekuwa kukiri kwamba mkono wangu unaweza kukosea.

Nimeandika barua hii kwa kidole kimoja tangu baada ya ibada, sasa ng'ombe wanarudi.

Kwa hiyo tufanye hivi. Mkono uwe wako. Jumamosi ichomoe diski ya zamani, iweke mezani mahali unapoiona kwa macho. Tia CD kama ulivyozoea, ushike mausi wewe. Mimi nitakuwa ndani natazama tu, mausi yangu nimeiweka kabatini. Kama unakwenda vibaya nitaandika neno, Mama atanisaidia kupiga herufi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ikiisha, mwambie Philbert umeimaliza wewe. Usinitaje kwa kunihurumia.

Salamu nitatuma kabla ya kuifungia mausi kabatini. Nivumilie ikipinda.

Baba yako,
Anyitike


Igowole
Jumapili, 12 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Umeona mwenyewe, lakini nataka kukuandikia ili iwepo kwa maandishi. Saa tisa salamu. Saa tisa na robo diski ya zamani iko mezani kwangu juu ya kitambaa cha Damari. Saa kumi na moja kasoro mfumo mpya umeamka. Nikarudisha diski ya zamani, nikafungua faili la kwanza, likafunguka. Nikafungua la yule mama wa dawa, likafunguka. Uliandika neno moja tu muda wote, "polepolee", na nilijua ni wewe na sio Mama kwa sababu lilikuwa na e tatu.

Bwana Philbert nimemwambia tumeimaliza sisi wawili. Hilo sikukutii, nisamehe. Amesema mkataba unabaki kwako na mimi niwe mkono wako. Alisema hivyohivyo, mkono, na sikumfundisha mimi.

Kila Jumamosi saa tisa nitakuwepo, hata kama kazi haipo. Ukiweza uzungushe. Usipoweza, nitazungusha mimi na wewe utazame.

Mwanao,
Severina


Igowole
Jumapili, 21 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Nina furaha mpaka nimeshindwa kusubiri kesho. Salamu ya jana, Baba! Duara limezunguka taratibu, limekutana mwanzo na mwisho, halikutetemeka hata mara moja. Nimeita muuguzi aje aone, akaniuliza kuna nini cha ajabu.

Tangu Mei nimekuwa nikihesabu. Mwezi Juni maduara yalikuwa mabaya, lile la tarehe ishirini na tisa liliishia njiani. Sasa hili. Nimemwambia Damari dawa za babu zimefanya kazi, leo kanisani amekuombea kwa sauti mpaka mwinjilisti akageuka. Baridi ya huku ni kali, maji ya kwenye ndoo asubuhi yanaganda juu, lakini mimi leo sikuisikia.

Nimemshukuru Mungu. Nakushukuru na wewe kwa kuzitumia hizo dawa.

Mwanao,
Severina


Mbalizi
Jumanne, 23 Julai 2024

Mama Damari,

Barua yako imefika. Nashukuru. Dawa zimenisaidia, mkono sasa ni mzima. Uendelee na kazi vizuri. Msalimie mtoto.

Anyitike


Rungwe
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mkwe wangu Severina,

Nakuandikia kwa kalamu, hiyo mitambo yenu nimechoka nayo. Barua atakuletea mume wako. Nimemwambia akiipoteza asirudi nyumbani kwangu.

Kwanza nakushukuru kwa msiba. Umepika siku nne na hukulalamika. Siku ile ya kuzika, watu walipopanga mstari kumuaga, nilikuona. Ulibaki nyuma kwenye migomba, umekaa chini, umeinamisha kichwa. Wifi zako walikuita, wakasema sasa amekufa hakuna ubaya, ukakataa. Mimi nililia kwa hilo kuliko kwa jeneza. Umemstahi mpaka mwisho na uso wake hujauona.

Sasa jambo lenyewe, limenikaa kifuani siwezi kula.

Ugonjwa haukumpata Agosti kama mlivyoambiwa. Kiharusi kilimwangusha Alhamisi tarehe kumi na nane Julai, akitoka kuoga. Upande wa kulia wote ulikufa, mkono na mguu, na mdomo ukaenda pembeni. Tukampeleka hospitali. Jumamosi nimekaa pale kitandani, ilipofika saa nane akaanza kuhangaika. Ananitazama, anatazama saa ya ukutani. Nikamuuliza maji? Siyo. Nimgeuze? Siyo. Mwisho akasema, neno linatoka kwa shida, "Zungusha."

Nilielewa. Kila Jumamosi namwona anavyofanya. Nikapanda bajaji mpaka nyumbani, nikafungua ile kompyuta, nikashika hicho kidude kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikazungusha kama ninavyokoroga uji wa mtoto. Ukatokea mshale wako ukazunguka na wewe. Nikakaa pale nalia, nikafunga, nikarudi hospitali. Nikamwambia ameitikia. Akafumba macho akalala.

Mkono ule uliotulia ulikuwa wangu, mwanangu. Wake ulikuwa haupo tena.

Barua yako ya furaha nilimsomea kitandani. Alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Nilitaka nikuandikie kweli, akanishika kanga kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mwache afurahi." Basi nikaandika yale niliyoyaandika na jina lake nikaliweka. Sijawahi kusema uongo kwa maandishi, na nimezeeka. Mumeo Lusekelo tulimwita kutoka Chunya, tukamwambia asikwambie, na safari hiyo ujumbe hakuuharibu. Jumamosi mbili zilizofuata nimezungusha mimi. Jumanne yake, tarehe sita, akaondoka.

Nisamehe. Ulisherehekea na sisi huku tunajua.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Ni ile aliyochora kwa daktari mwezi wa nne, aliitunza kwenye Biblia. Alisema ni yako kwa sababu ndiyo salamu pekee aliyokuandikia kwa mkono.

Mama yako,
Tumpe


Igowole
Jumapili, 1 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Lusekelo amenifikishia barua, bahasha imekunjika kidogo tu. Karatasi nimeiona. Duara lenyewe limepinda, mwanzo na mwisho havikukutana. Nimelitambua hata kabla ya kusoma maneno yako. Nimemtambua Baba kwa hilo kuliko ambavyo ningemtambua kwa picha.

Hakuna la kukusamehe. Linaloniuma ni kwamba miezi minne nilipigana na kutetemeka kule. Nilibadilisha mausi, nikahamisha waya, nikaomba kanisani utulie. Ulipotulia nikaita watu waje waone. Sikujua kwamba kule kutetemeka ndiye alikuwa yeye.

Nami nina langu la kukiri. Tulipomaliza kuweka mfumo mpya, nilipunguza mwendo wa mausi ya seva mpaka mwisho kabisa bila kumwambia. Nilitaka akitetemeka kwa kiasi kikubwa huko, huku kuonekane kidogo, asijione vibaya kwenye skrini. Kumbe ndiyo maana duara lako nalo lilikuja taratibu vile, nikadhani ni afya.

Ezron wa Iringa amepewa kazi sasa. Ni mtu mwema, hana maneno mengi. Alikuja Ijumaa, akakaa kwenye kiti, akashika mausi akashangaa. Akaniuliza, "Dada, hii nani aliiweka nzito hivi? Ngoja nikuwekee sawa." Nikamwambia aiache. Akasema kazi itachelewa. Nikamwambia najua, aiache.

Jana saa tisa nilikaa mbele ya skrini. Mshale ulikuwa katikati, umetulia. Nilizungusha duara moja kwa ajili yake, halafu nikaenda kumchukua Damari.

Mwanao,
Severina